Mabati ya Picha ya Ndege, Mpunga wa Mzenga

Nakumbuka siku moja ya masika nilipoingia Mzenga nikisukuma baiskeli, mfukoni nina kalamu mbili, kichwani nina kiburi cha watu arobaini. Tope la siku ile, mwanangu, lilikuwa na heshima zake: ukilikanyaga linakuuliza unakwenda wapi, na ukichelewa kujibu linabaki na kiatu. Hadi saa nane mchana nilikuwa nimebakiwa na kiatu kimoja, na hicho nacho kilikuwa kimebeba udongo wa kutosha kujengea choo.

Nimeikumbuka siku ile kwa sababu yako. Juzi mlikaa hapa barazani kwangu Mkuza, Kibaha, wewe na wenzako, mkapitishiana simu yenye picha mbili za mvua za mwaka huu. Picha moja ya huku kwetu, nyumba zimeshaezekwa. Nyingine ya kule bondeni Mzenga, Kisarawe, nyumba zimeketi chini na watu wamesimama pembeni. Mmoja wenu akasema, "Hawa wamejipanga, wale wamelala." Mwingine akaongeza, "Wale washazoea kusaidiwa, mzee." Mkacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nilicheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyekutana na nguo yake ya zamani imevaliwa na mwingine. Maneno hayo niliyaandika mimi, tena kwa wino, kabla hamjazaliwa.

Wakati ule nilikuwa kijana wa hapahapa Mkuza. Mchana nafyatua matofali, jioni nakwenda kusoma na watu wazima wenzangu, darasa lina taa moja na mbu elfu sita. Nilipopata cheti cha kidato cha nne nilikitembeza mtaa mzima. Nilimwonyesha imamu, nikamwonyesha mchungaji, nikamwonyesha muuza kahawa, na mbuzi wa jirani sikumwonyesha kwa sababu tu alitaka kukila. Jina langu likafa, nikawa naitwa Karani. Asili yetu ni Tabora, baba alihamia huku kutafuta kazi. Hilo nalitaja kwa sababu Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani umefanya kazi kubwa katika habari hii.

Mvua za mwaka ule zilikuja na sura mbili. Kwetu Kibaha ulikuja upepo. Alasiri moja tu, kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, ulipita mtaa wa Picha ya Ndege ukaanua mabati kama mama anayeanua nguo kambani. Mzenga haukufika upepo, yalifika maji. Mto ulijaa, ukatoka nje, ukakaa mashambani wiki mbili kama mgeni asiyejua kuaga. Mahindi yakaoza yamesimama. Nyumba za miti na udongo zikalainika kuanzia chini, zikaketi moja baada ya nyingine.

Watu wenye huruma kutoka Dar wakaleta lori moja la msaada, ndani mna mabati na magunia ya mbegu ya mpunga. Ikaundwa kamati ya kugawa. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Pazi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache na miwani minene. Wajumbe wakakubaliana kwamba mzigo wote uende kule ambako watu wanajituma zaidi wenyewe, maana kumpa mvivu, walisema, ni kumwagia mchanga maji. Sasa nani aende akaangalie, aje aseme ni wapi? Cheti changu kilinyoosha mkono kabla yangu.

"Karani," Mzee Pazi akaniambia, "nenda kote kuwili. Jumamosi utatusomea."

Nilianza na Picha ya Ndege. Nilipita barabarani juu ya baiskeli, nikaona mapaa mapya yanang'aa, nyundo zinalia, watu wako juu ya kenchi na suruali za kazini. Hata sikushuka. Niliandika: "Watu wa hapa ni hodari." Kesho yake nikashika njia ya Mlandizi kuelekea Mzenga.

Kule nilihesabu nyumba zilizoanguka, nikatafuta iliyoezekwa upya. Sikuona hata moja! Wiki tatu zimepita tangu maji yaondoke, mwanangu, na hakuna hata fito mpya. Halafu kwenye uwanja wa nyumba moja iliyosimama nikakuta akina mama wapatao kumi na tano wameketi kwenye mikeka, nyungo mapajani, wanacheka. Nikasema moyoni, haya, uvivu umenionyesha makazi yake. Nikaandika hapohapo nimeegemea baiskeli: "Wananchi wa Mzenga hawajitumi. Wamekaa kusubiri." Nikapiga mstari chini ya "kusubiri." Mstari ulinyooka vizuri sana.

Kati ya akina mama wale alikuwapo Bi Tatu, mkubwa wao, Mzaramo wa rika la bibi yangu, mwembamba kama mpini wa jembe, sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kiatu kingine kiko wapi?"

"Kimebaki njiani, bibi."

"Na wewe umetokea wapi?"

"Kibaha, bibi. Ila kwetu hasa ni Tabora."

"Lo! Jamani, tope letu limekula kiatu cha Mnyamwezi!" Akawageukia wenzake. "Leo litavimbiwa mpaka likitapike!"

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Nami nikacheka, utani ni utani. Kisha akanyooshea kidole karatasi iliyokuwa mkononi mwangu.

"Hicho unachoandika ni nini, mtani?"

"Naandika hali ya huku, bibi. Kuna lori la mbegu na mabati, kamati inataka kujua lipelekwe wapi."

"Tusomee basi, nasi tuijue hali yetu."

Sasa sikia ujinga wa msomi mpya. Badala ya kuikunja karatasi, nilikohoa, nikasimama wima, nikasoma yote kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilipofika "wamekaa kusubiri" hakuna aliyecheka tena. Hata nzi walitua.

"Soma tena pale mwisho," Bi Tatu akasema. "Polepole."

Nikasoma tena, safari hii sauti ya redio ikiwa imekatika umeme.

"Umejuaje?"

"Nimehesabu mapaa, bibi."

"Umemwuliza nani?"

"Sikuuliza. Mapaa yanaonekana."

"Mapaa yanaonekana," akawarudia wenzake kama mtu anayetafsiri. Akainuka, akachota donge la udongo pembeni ya nyumba iliyoanguka, akaniwekea kiganjani. "Haya, hodari wa Kibaha. Fito zile pale. Kandika ukuta."

Nililibandika donge kwa nguvu zangu zote za kufyatua matofali. Likakaa kidogo, likaanza kuteleza, likashuka taratibu bila haraka yoyote, likatua juu ya kile kiatu changu kimoja. Hapo vicheko vikarudi.

"Udongo wa masika haukandikiki," Bi Tatu akaniambia. "Na mti ukiukata mvuani, wadudu wanaugeuza unga. Nyumba tunajenga kiangazi. Sasa hivi nyumba iliyosimama ni ya wote. Humu ndani tumo kaya nne, tunapangana kama dagaa, na hakuna mtu wa Mzenga anayelala nje. Uliza."

Nikauliza, kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Ilikuwa kweli. Halafu akanishusha bondeni.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kule chini nilikuta watu wamezama magotini, wanaume kwa wanawake, wanapandikiza mpunga kwenye tope lililoachwa na maji. Juu ya kichuguu kikubwa palikuwa na kitalu kimoja cha miche, kijani kibichi. Maji yalipoanza kupungua, kila kaya ilileta mbegu iliyookoa: mwenye kibaba akaleta kibaba, mwenye konzi akaleta konzi, mjane mmoja alileta fundo la leso. Wakazimwaga zote pamoja katika kitalu kile, na tangu hapo hapakuwa na mche wa fulani. Ndivyo walivyofanya siku zote maji yanapopita: shamba kwanza, paa baadaye, na mbegu ya wote. Wale akina mama niliowaona "wamekaa" walikuwa wanapepeta na kuchambua mbegu za mwisho, punje moja moja, wakitafuta zilizo hai.

"Miche hii imetosha nusu ya bonde tu," Bi Tatu akasema. "Nusu nyingine tukipata mbegu tunailoweka, tunaimwaga kwenye tope hivihivi. Lakini tope lina siku zake. Majaruba ya juu yatakauka baada ya siku sita, saba kwa rehema ya Mungu. Hayo unayoyaona pale yamezungushiwa matuta, lile la pembeni langu. Sasa wewe andika utakavyo. Ila ujue, mstari wako huo uliopiga umepita juu ya chakula cha watu."

Aibu iliyonipata ningeweza kuigawa mkoa mzima na ikabaki. Niliichana ile karatasi. Nililala Mzenga, nikala ugali wa watu ambao nilikuwa nimewaandika wavivu, na asubuhi nikapewa kandambili za kurudia. Nikaondoka nimeapa kuwatetea.

Hapo, mwanangu, usidhani nilikuwa nimeshapata akili. Nilikuwa nimebadilisha upande tu. Wapo watu wakitolewa kwenye kosa la kulia wanakimbilia la kushoto na kuliita toba.

Nikiwa njiani kurudi nilipita tena Picha ya Ndege. Safari hii nikaangalia nyuma ya yale mapaa yanayong'aa. Nikaona kaya kadhaa zimetandika magodoro kwenye baraza la fremu za maduka ambazo hazijamalizika, sufuria zao ukutani, turubai limefungwa kwa kamba. Damu ikanichemka. Mzenga hakuna anayelala nje, na hawa wenye mabati mapya wanapita mbele ya wenzao kama hawawaoni! Nikashuka kwenye baiskeli? Sikushuka. Nikauliza? Sikuuliza. Baraza linaonekana, au siyo? Kosa lilelile, nimelivalisha kandambili.

Jumamosi kamati ikakaa katika darasa la shule ya msingi, wananchi wakaruhusiwa kusikiliza. Nilisimama na hotuba iliyokuwa na methali nyingi kuliko harusi ya Kizaramo. "Ndugu wajumbe!" nikanguruma. "Mzenga ni dhahabu, Picha ya Ndege ni bati! Kule wanapeana mbegu, hapa wanapeana kisogo! Hawa ni watu wabinafsi, wametoka bara kila mmoja na mfuko wake, hawana ujirani, hawana huruma!" Mimi, mtoto wa Tabora, nawasema watu wa bara. Nyani haoni kundule, na mimi siku ile nilikuwa nyani mwenye cheti.

Darasa likalipuka. Watu wa Picha ya Ndege wakasimama, mmoja akapiga dawati, kofia ya mtu ikaruka. Katikati ya kelele hizo akasimama mama mmoja mfupi, mtulivu, mzaliwa wa Singida, aliyekuwa mpangaji pale Picha ya Ndege. Wote walimwita Mama Neema.

"Kaka Karani, umeniona nimelala barazani?"

"Nimekuona, mama."

"Umeniuliza kwa nini?"

Swali lilikuwa lilelile la Bi Tatu, limekuja na lafudhi nyingine.

"Kuona umeona," akasema. "Macho unayo, hongera."

Fujo ikazidi. Wengine wakataka lori lote liende Mzenga, wengine wakaapa litapita juu ya vifua vyao. Mzee Pazi akavua miwani, na akivua miwani ujue kikao kimekwisha. Akaahirisha hadi Jumanne. Mzigo ukabaki ghalani umefungwa kufuli. Nilipotaka kujitetea akanikata: "Nenda na huyu mama mpaka kwake. Kalamu iache hapa mezani kwangu. Chukua masikio."

Kwa hiyo nilikwenda na masikio. Mama Neema hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliuma zaidi.

"Mimi nimehamia hapa mwaka jana tu," akaniambia tukiwa tumekaa kwenye lile baraza. "Nyumba si yangu. Mwenye nyumba anaishi Dar, hajaja hata kuangalia. Paa la mwenye nyumba nitalipanda mimi kwa ruhusa ya nani? Huyo bibi yako wa Mzenga ana majirani tangu babu wa babu yake. Mimi jina la jirani yangu nimelijua siku bati lake lilipotua kwenye sufuria yangu ya maharage."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Sasa subiri uone watu wabinafsi."

Jumatatu asubuhi, jua likichomoza, nikaona. Watu wa pale wengi kazi zao ziko Dar. Asipokwenda leo, kesho kuna mwingine kwenye nafasi yake. Kabla ya kupanda basi, kila mzazi alimpitisha mtoto wake kwa Mama Neema na akina mama wawili wengine, Mhaya na Mmakonde. Watoto wa baraza na watoto wa mapaa mapya, wote sufuria moja ya uji. Huyu ameleta sukari ya kwenye karatasi, yule kuni mbili, mwingine kopo la karanga. Wanaume wakirudi jioni, kabla giza halijaingia, wanapanda kwenye mapaa. Misumari waliiokota barabarani baada ya upepo, imepinda kama ndoano, wakainyoosha kwa mawe, mmoja mmoja. Walianza na nyumba zenye wagonjwa na akina mama waliojifungua. Waislamu wamehifadhiwa vitu vyao kwenye kanisa dogo la pale, kwa sababu ndilo lililobaki na paa. Na haya yote wanayafanya watu ambao mwezi uliopita walikuwa wakipishana bila salamu.

"Huyo kule juu," Mama Neema akanionyesha mwanaume aliyekuwa akigongomea bati, "mwaka mzima nilidhani ni bubu. Kumbe anaimba."

Nilikaa pale siku nzima bila kuandika neno, na nadhani ndiyo siku niliyosoma zaidi kuliko miaka yote ya darasa la mbu.

Jumanne nikasimama mbele ya kamati, safari hii bila kunguruma. Niliwaeleza Mzenga walipigwa na nini na Picha ya Ndege walipigwa na nini. Nikaeleza kwa nini wale wanaanza na shamba na hawa wanaanza na paa. Na sikuwapaka mafuta. Niliposema wapo wenye nyumba wa Picha ya Ndege waliotengeneza fremu za biashara wakawaacha wapangaji nje, niliwatazama waliokuwapo. Niliposema Mzenga walichelewa kusafisha kisima na watoto wakaharisha, hilo nalo nililisema wazi, kwa sababu Bi Tatu mwenyewe alikuwa ameniambia bondeni, kwa uchungu.

Mjumbe mmoja akakosa subira. "Karani, tulikutuma ulete jibu. Nani zaidi?"

"Mzee wangu, hii siyo ligi."

"Kwa hiyo umeshindwa kulinganisha?"

"Nimelinganisha, mzee. Nimepima kila mmoja na mzigo uliomwangukia na mgongo aliokuwa nao. Wote wamesimama. Mmoja hana mbegu, mwingine hana bati. Tukiwapa kwa kushindanisha, Mzenga wataezeka mabati juu ya tope, na Picha ya Ndege watapanda mpunga barabarani."

Watu wakacheka. Mzee Pazi hakucheka, lakini alivaa miwani yake. Mbegu ikaamuliwa iende Mzenga yote, mabati yabaki Picha ya Ndege, yaanze na nyumba zenye wapangaji walio barazani, na wenye nyumba waitwe.

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungenisifu. Lakini nasaha inayoficha upande wa uchungu ni chai isiyo na majani.

Lori liliondoka Jumatano, nami nikiwa juu ya magunia. Karibu na Mzenga likanasa, tukalisukuma mpaka Alhamisi mchana. Tulipofika watu walikimbilia magunia, wakaloweka mbegu, na tope la chini likapandwa lote. Majaruba ya juu tulikuta yamepasuka. Ukikanyaga, panalia kama kigae. Siku tatu, mwanangu. Siku tatu za kikao kilichovunjika Jumamosi kwa hotuba yangu ya dhahabu na bati. Kuwasema vibaya watu wa Mzenga kulisahihishwa kabla hakujafika popote. Kilichowachelewesha ni siku niliyowasifia kwa kuwatukana wenzao.

Bi Tatu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa jaruba lake. Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Nilisema, "Bibi, nimekukausha shamba mimi." Akachutama, akatia kidole kwenye ufa mmoja.

"Huyo mama wa Singida," akauliza, "ameshapata pa kulala?"

"Wameanza na yeye, bibi."

"Alhamdulillahi. Basi umefanya moja." Akaokota udongo mkavu, akauvunja kwa vidole. "Mimi nitakula mpunga wa chini, mbegu ilikuwa ya wote na mavuno ni ya wote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini wewe, mtani, usinililie hapa, machozi yako hayatoshi hata kulowesha hiki kigae. Kama kweli unajuta, siku ukiwa mzee waambie vijana."

Basi mimi sasa ni mzee, na wewe ni kijana, na deni hilo la maneno nalilipa leo.

Mwanangu, sikukatazi kulinganisha. Asiyelinganisha hajifunzi, hata mpishi huonja sufuria mbili. Ila ukitaka kusema kijiji hiki kimeweza na kile kimeshindwa, kwanza jua kila kimoja kimepigwa na nini, maana aliyeangukiwa na tawi na aliyeangukiwa na mti hawaamki saa moja. Angalia walikuwa na nini kabla ya shida: ardhi ni yao au ya mwenye nyumba aliye mbali, jirani ni wa vizazi au wa jana, barabara inafikika au imekatika. Waulize wao wenyewe wanaanza na kipi na kwa nini, kwa sababu picha ya simu yako inaonyesha paa, haionyeshi kitalu, wala sufuria ya uji. Penye uzembe useme, hasa uzembe wa mwenye uwezo. Haki si kumsifu kila mtu. Lakini usimnyanyue mmoja kwa kumkanyaga mwingine. Hilo la mwisho lishike kuliko yote, maana ndilo lililomkosesha Bi Tatu jaruba lake, na nililifanya nikiamini kwamba natenda wema.

Na ile picha ya kwenye simu, kabla hujamtumia mwingine, panda gari uende Mzenga. Salimia. Uliza. Ukinasa kwenye tope, vua viatu vyote viwili mapema.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayoshuka kwenye baiskeli, na ulimi unaosubiri masikio yamalize kazi. Mvua ikunyeshee kwa kiasi, upepo ukupite kwa adabu, na siku shida itakapobisha hodi kwako, kwa kuwa hakuna isikofika, akuletee mtu wa kukupima kwa haki. Nenda salama, mwanangu.